Neno la Kukata

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu Sindano,

Mwezi huu natimiza miaka arobaini na moja tangu nitoke nyumbani. Kila Februari naiandika hesabu hii juu ya barua kama mfungwa anavyochora ukutani, ingawa mlango wangu uko wazi tangu zamani. Wale wa serikali walioniweka kwenye orodha yao ya kukamatwa wamekufa wote, na orodha yenyewe, nasikia, imeliwa na mchwa.

Nakusalimu wewe na binti yako Mwalimu, na wote wanaopita hapo kibarazani kuomba maji wakakaa mpaka jioni. Mimi ni mzima kwa kadiri ya mzee. Goti linatabiri mvua kabla ya redio, na masikio yamestaafu kabla yangu. Bado naishi chumba kilekile juu ya duka la fundi viatu, kwa hiyo asubuhi nasikia harufu ya gundi kabla ya harufu ya chai. Kiwanda cha uchapaji hunitumia kurasa za kusahihisha mara mojamoja. Makosa ya watu wengine yamenilisha maisha yangu yote, na hayajaisha.

Sasa nikuulize. Mwalimu ameniandikia mistari minne: una maji upande wa kulia wa kifua, wameyavuta, wamekata kipande cha nyama wakapeleka kupimwa, nikuandikie. Wewe mwenyewe mwezi uliopita uliniandikia kurasa tatu juu ya jirani anayefuga mbwa. Kifua hukukitaja hata kwa bahati mbaya.

Ugonjwa gani huo? Usiniambie ni pumu. Pumu ni yangu.

Kaka yako


Tarehe 2 Machi

Kaka Mkubwa, shikamoo.

Huku wote wazima isipokuwa mimi. Mbwa wa jirani amezaa sita, wote wana sura ya jirani. Mwalimu amepandishwa cheo, zamani alikuwa anapigia kelele darasa moja, sasa anapigia shule nzima. Umewahi kuuliza kwa nini sikupigii simu. Mimi sina pumzi, wewe huna masikio. Itakuwa simu ya bubu na kiziwi.

Haya. Ni saratani. Si ya pafu lenyewe. Daktari wa kupasua alianza kunieleza kwa maneno ya kwao, nikamwambia, mwanangu, mimi ni mtu wa sindano, niambie kwa nguo. Akashika koti lake jeupe akakuta halina bitana. Akaenda kutoa la mwenzake lililotundikwa nyuma ya mlango, akaligeuza. Akasema, huku nje ndiko mbavu, na hii ya ndani ni bitana, inalala kati ya mbavu na pafu. Ugonjwa umekaa kwenye bitana. Umeinenepesha mpaka imekuwa turubai, sasa inalibana pafu na maji yanajaa katikati. Tangu siku hiyo namwita Fundi, naye anaitika.

Aliniuliza nilifanya kazi wapi. Kiwanda cha mabati na mabomba. Idara gani? Magunia. Akaweka kalamu chini.

Wewe magunia huyajui. Asbesto, yale mawe ya nyuzi yanayosagwa kutengenezea mabati, ilikuja ndani ya magunia, wanaume wakishayamwaga kwenye mashine sisi tunayageuza nje ndani, tunayakung'uta, tunashona yaliyopasuka, yanarudi machimboni kujazwa tena. Vumbi lake ndilo Fundi anasema lilinikaa kifuani, jeupe, jepesi, zuri kulitazama. Likizidi hatuonani, kila mtu anaimba pale alipo ili mwenzake ajue asimchome sindano. Na yaliyochakaa kabisa tuliruhusiwa kubeba nyumbani, tukashonea magodoro. Tulijiona tumebahatika, majirani walikuwa wanalalia mikeka.

Nafasi ile ilikuwa yako, Kaka. Baba, mnyapara, alishakuandikisha. Ila kifua chako kilikuwa kinapiga filimbi ukisogea tu getini, basi wewe ukapelekwa shule, nikaingia mimi niliyekuwa na kifua kama ngoma. Leo kifua kizima kimeoza, na kile kibovu kiko juu ya duka la viatu kinasoma vitabu. Usinune, nacheka. Nikicheka ubavu unauma, kwa hiyo jua kwamba nimejigharimu.

Fundi ananipa mishono mitatu nichague. Wa kwanza, kutoa maji na kupuliza poda ndani, ili pafu ligandane na ukuta na maji yakose pa kukaa. Ugonjwa hauguswi, lakini napumua. Wa pili, kunifungua ubavuni na kubandua bitana yote, pafu liachwe. Wa tatu, kutoa kila kitu upande wa kulia: pafu, bitana, kipande cha kiwambo kile kinachotenga kifua na tumbo, na ngozi ya nje ya moyo. Halafu wanatia viraka. Nikauliza viraka vya nini. Vya kitambaa maalumu, akasema. Nikamwambia nitaona kitambaa kwanza.

Anasema nina bahati. Upande mmoja tu ndio umeguswa, chembe zake si za ile aina mbaya zaidi, moyo unapiga vizuri, ndiyo maana bado kuna kuchagua. Lakini ugonjwa haungoji. Ukivuka kiwambo ukaingia tumboni, kisu kinarudi kabatini.

Sasa toa neno. Unaijua nyumba yetu, hakikatwi kitu mpaka mkubwa aseme. Na liandike kwa mkono wako, neno la mdomo halikubaliki tangu babu wadogo walipogombania lile shamba kila mmoja na lake alilosikia. Ule mti ulioegemea choo tuliungojea barua yako mpaka ukakiangukia choo, na mume wangu, shemeji yako, yumo. Alitoka mzima, Mungu amrehemu, akafa miaka mingi baadaye kitandani kwa heshima zake. Lakini hatukuukata bila neno.

Nangoja.

Sindano


Tarehe 28 Machi

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na nampongeza Mwalimu kwa cheo. Hapa baridi imeanza kulegea. Fundi viatu ameoa tena, na mkewe mpya amemkataza kupiga nyundo kabla ya saa tatu, jambo ambalo mimi sikuliweza kwa miaka kumi na tano.

Barua yako imenikalia kifuani, ukiniruhusu kusema hivyo. Nimekwenda maktaba, nikaomba majarida ya tiba, nikakaa nayo kwa siku kadhaa nikiwa na kamusi upande wa kushoto. Haya ndiyo niliyoyaelewa.

Mshono wa tatu, wa kutoa pafu zima, ndio ulioanza zamani, na kwa muda mrefu ulisifiwa na wanaoshika kisu. Leo wengi wao wameuacha. Wapo wasioamka mezani, na wapo wanaoamka wakafa kabla ya mwezi kwisha. Wanaobaki wanabaki na pafu moja, na ngazi za nyumba zinakuwa mlima. Mshono wa pili unaacha pafu mahali pake na vifo mezani ni vichache, lakini ni kazi ya saa nyingi, na pafu lililobanduliwa huvuja hewa kwa majuma, mgonjwa akalala na mrija ubavuni. Baada yake huja dawa za sumu za kufukuza masalio, kwa sababu hakuna kisu kinachookota vumbi lote. Hakuna aliyeandika neno kupona. Wanaandika miezi, na walio jasiri wanaandika mwaka au miwili. Mshono wa kwanza ni mdogo, wewe unarudi nyumbani upesi, unapumua, na ugonjwa unaendelea na safari yake.

Wataalamu hawajakubaliana kama kisu kikubwa kinaongeza siku au kinaongeza makovu tu. Nimesoma kila upande, na kila upande una hoja.

Nimekuwekea yote mezani. Lakini kukuchagulia siwezi, na si haki nikuchagulie. Mwili ni wako. Wewe ndiye utakayelala pale, na wewe ndiye unayejua unachotaka kukifanya na siku zitakazopatikana. Hili la neno la mkubwa ni la babu zetu, lilifaa kwa mashamba na mifugo. Wewe si mti, Sindano.

Kaka yako


Tarehe 19 Aprili

Kaka Mkubwa, shikamoo.

Wazima. Mbwa watano wamegawiwa, wa sita nimebandikwa mimi. Analala mlangoni, nikikohoa anabweka, tumekuwa kwaya.

Darasa lako nimelipokea. Mwalimu ndiye aliyenisomea, akafika pale pa "wewe si mti" akaikunja karatasi. Nikamwambia endelea. Akasema hakuna kuendelea, Mama, ndiyo mwisho. Kweli mimi si mti. Mti ungekuwa umeshaanguka ukapumzika.

Nilikuuliza njia ukanitumia ramani. Nzuri, ina mito na milima yote. Hayo yote Fundi alishaniambia, na yeye hakuhitaji kamusi. Nilichokosa ni kitu kimoja na hicho ndicho hukutia kwenye bahasha.

Juma lililopita Fundi aliniuliza tena. Mazungumzo yenyewe nakuandikia kama yalivyokuwa.

"Mama, umeamua?"

"Tunamngoja kaka."

"Kaka yako ni daktari?"

"Hapana. Anasahihisha vitabu vya watu."

"Anakuja lini?"

"Haji."

"Basi kwa nini tunamngoja?"

"Kwa sababu ni wa kwanza."

Akamtazama Mwalimu kama anayeuliza hii imeandikwa wapi. Mwalimu akatazama dirisha. Amenipa nafasi mwezi wa tano mwishoni, ya kubandua au ya kutoa, mezani ni palepale. Yeye mwenyewe anaelekea kubandua, ila anasema hatashika kisu bila mimi kutamka kwamba nataka.

Unanijua sipendi kujificha nyuma ya pazia, basi nikuambie na hili. Nimekata nguo za mabibi harusi, nimekata sanda, nimekata magunia mpaka kidole kimepinda. Sijawahi kukata neno kwa ajili yangu. Baba alisema kiwandani, nikaenda. Baba akasema huyu ndiye mume, nikaolewa, na hapo hakukosea. Sasa mnanigeukia nikiwa na maji kifuani mnaniambia, haya, leo ni zamu yako. Leo? Na nikifa chini ya kisu nataka niwe na wa kumlaumu. Nikifa bila kisu, vilevile. Mtu anakufa vizuri akiwa na wa kulaumu, na wewe uko mbali, haitakuumiza.

Bandua, toa au puliza. Neno moja. Sababu baki nazo.

Sindano


Tarehe 30 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta na nafuu. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilimwandikia bingwa mmoja wa kifua ambaye kitabu chake kiliwahi kupita mikononi mwangu, na nilitaka jibu lake lije nalo. Limekuja juzi. Ni mtu muungwana, ameandika ukurasa mzima, na anasema asiyemwona mgonjwa hawezi kumsemea. Ila anataka kujua mambo fulani: unapopuliza kile kipimo cha pumzi unafika wapi, moyo umepigwa picha au umesikilizwa tu, tezi za katikati ya kifua zimechunguzwa kwa sindano au zimetazamwa kwa nje. Mwambie Mwalimu aniandikie hayo, na jina kamili la chembe, herufi kwa herufi.

Huku fundi viatu ameachwa. Nyundo imerudi alfajiri.

Kuhusu neno. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nitakujibu waziwazi kwa kuwa nawe uliniandikia waziwazi. Unachoniomba si ushauri. Unanitaka nikushikie kisu. Nikisema bandua, ukafia mezani, nitaishi na neno hilo peke yangu kwenye chumba hiki, sina mke wa kunituliza wala mtoto wa kuniambia haikuwa kosa lako. Huko ni kunibebesha maiti, Sindano, na unasema umenichagua kwa sababu niko mbali na haitaniumiza. Umbali haufanyi hivyo. Mtu akiwa mbali kila kitu kinamfikia kikiwa kimeshatokea, hana la kufanya ila kukisoma.

Wewe una akili kuliko sisi wote tuliozaliwa kwenye nyumba ile. Nilisema hivyo hata Baba alipokuwa hai, akanichapa. Amua. Lolote utakaloamua nitaliheshimu.

Kaka yako


Tarehe 21 Juni

Kaka Mkubwa, shikamoo.

Bingwa wako nisalimie. Mwambie napuliza kile kipimo kinafika pale mtoto wa shule anapofikisha, na hilo halihitaji herufi.

Nafasi ya Fundi imepita. Nilikuwa hospitali siku hiyohiyo, si mezani, wodini, wakinivuta maji. Alikuja akasimama miguuni pa kitanda amevaa nguo zake za kijani, bado hajatia glavu. Akasema, "Mama, meza iko tupu hadi saa nne." Nikamwambia barua iko njiani. Akasema, "Barua haijui kiwambo chako kiko wapi." Ana mdomo huyu, tungemwoza Mwalimu kama asingekuwa na mke.

Mwalimu akanijia juu. "Mama, sema wewe. Sema tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Basi nitaandika mimi. Nitaandika 'bandua', nitie sahihi ya Mjomba."

"Mwandiko wa mjomba wako haufundishiki."

Akatoka nje. Saa nne ikapita, meza akapewa mwingine.

Aliyepewa unamjua? Humjui, ngoja nikuambie. Kasuku, tuliyekuwa naye kwenye magunia, aliyekuwa anaimba kwa sauti kuliko wote ndani ya vumbi ndiyo maana tukamwita hivyo. Ugonjwa uleule, upande wa kushoto. Kitanda chake kilikuwa cha pili kutoka kwangu. Wamembandua. Alilala na mrija ubavuni wiki mbili, hewa inavuja anasikia inachemka kwenye chupa, analalamika kama mtu aliyeuziwa birika bovu. Sasa anatembea, anafika mpaka dukani na kurudi. Hatapona, anajua, lakini anafika dukani. Nilimuuliza aliamuaje. Akasema kaka yake mkubwa alikufa zamani, na waliomfuata wamekufa, mkubwa ni yeye, kwa hiyo alijibu papo hapo Fundi akiwa bado anaongea.

Wengine wanazaliwa na bahati.

Umeniambia utaheshimu nitakaloamua. Nimeamua kungoja. Liheshimu.

Sindano


Tarehe 8 Julai

Sindano,

Bandua. Pafu liachwe.

Ndilo neno langu, mimi mkubwa wa nyumba, nimeliandika kwa mkono wangu. Mpe Fundi asome. Likienda vibaya ni langu.

Nimelituma kwa njia ya haraka kuliko zote zilizopo.

Kaka yako


Tarehe 30 Julai

Kaka Mkubwa, shikamoo.

Tuko hapa. Mvua imetoboa paa la jikoni. Lile bati ni la kiwandani kwetu, tulipewa wakati wa kufunga kiwanda, na fundi wa mapaa alipojua ni la asbesto akashuka ngazi akaenda zake. Tunakinga kwa beseni.

Neno lako limefika. Mwandiko ni wako. Mwalimu alilisoma akaruka kama amefaulu mtihani, tukakodi gari siku ileile. Fundi alikuwa kwenye korido anakula mkate. Nikampa karatasi. Akafuta mikono, akaisoma mpaka mwisho, na haina mwisho mrefu. Akaikunja vizuri akanirudishia.

"Mama, picha za juzi nimeshaziona. Umevuka."

"Kiwambo?"

"Kiwambo. Na kuna maji tumboni."

"Lakini neno limekuja."

"Nimeliona, Mama."

"Anasema ubandue."

"Hata mimi ningependa. Nikikufungua sasa nitakuumiza bure."

Mwalimu akaanza kumfokea mtu wa watu, na mkate uko mkononi. Nikamvuta kanga. Hakukosea Fundi.

Basi ule mshono wa kwanza umejichagua wenyewe. Walinitoa maji, wakanipulizia poda. Inaunguza kama pilipili siku mbili, halafu inakamata. Pafu limegandana na ukuta. Napumua kidogokidogo kama anayechungulia. Fundi alisema dawa za sumu zipo pia, nikamuuliza zitaniongezea nini, akasema ukweli, nikamwambia basi zihifadhi, kuna wanaozitaka.

Sikulaumu. Unaona lilivyo jambo la kuchekesha? Nilitaka wa kulaumu, sasa ninaye, mzima mzima, anajulikana mpaka anuani yake, na sina pumzi ya kumlaumu. Nikianza naishia katikati. Ulikataa kunibeba nikiwa mzito wa uamuzi, sasa nimekuwa mwepesi, mbwa ananisogeza kitandani.

Nakuja kwenye lililonifanya niandike. Nimeandika kwa siku nne barua hii, usione ni fupi.

Maumivu yameshuka mgongoni, yanazunguka na mbavu. Wamenipa dawa ya maji, ile kali. Kijiko kimoja maumivu yanaondoka na akili inayafuata. Siku ya kwanza nilimwita Mwalimu kwa jina la Mama, siku ya pili nilikataa kwamba nina mtoto. Nimeacha kuinywa. Chupa iko dirishani, wamekuja mara mbili kunibembeleza, nimefunga mdomo. Mwalimu anakwenda kulia jikoni, anadhani sisikii. Amenichanganya na wewe kiziwi.

Nakungoja, Kaka. Ukiingia pale mlangoni nataka nikujue. Nataka nione ulivyozeeka, nikutukane yale niliyoyaweka, halafu niulize habari za safari. Haya yote nayataka nikiwa na akili zangu. Nikishakuona nitakunywa chupa nzima kama soda. Kabla ya hapo navumilia, na Mwalimu anasema naumia sana, anasema kulala navyolala siyo kulala. Kavumilia mama yetu bila dawa yoyote, na alikuwa anakungoja wewe vilevile, ila yeye hakuandika.

Unakuja au huji? Ukisema unakuja nitangoja. Usipojibu nitangoja vilevile, unanijua. Safari hii usinitumie ramani.

Sindano


Tarehe 17 Agosti

Sindano, mdogo wangu,

Barua yako imeletwa leo asubuhi. Naijibu leoleo, kabla ya kwenda popote na kabla ya kumuuliza mtu yeyote.

Nakusalimu. Msalimie Mwalimu, umwambie asilie jikoni, alie hapo ulipo.

Hakuna kinachonizuia. Pasipoti ninayo, haijaisha muda. Nauli iko benki. Daktari wa goti amesema naweza kusafiri nikinyoosha mguu njiani. Hakuna serikali inayonitafuta. Nimekaa kitini hapa nikatafuta sababu, na kwa kuwa ndiyo kazi yangu nimepata nyingi, kila moja na ushahidi wake, nimezisahihisha mpaka hazina kosa. Nilianza kukuandikia ya kwanza, nikaichana karatasi. Nimekupa sababu za kutosha mwaka huu.

Nikikuambia nafikiria, utafunga mdomo wiki nyingine. Nikikuambia mwezi ujao, utafunga mdomo mwezi mzima, na mwezi ujao nitakuandikia kuhusu ule unaofuata. Hilo nalijua juu yangu kama ninavyoijua herufi iliyogeuzwa kwenye ukurasa.

Kwa hiyo kunywa dawa. Mwambie Mwalimu aichukue ile chupa hapo dirishani sasa hivi, akusomee huku umeshika kijiko. Kunywa, na wakikuruhusu kingine, kunywa na kingine. Akili usimtunzie mtu asiyekuja. Ukilisahau jina la Mwalimu atakutajia. Langu ukilisahau, usiulize.

Matusi uliyoniwekea mwachie yeye, aniandikie. Nitayasoma yote.

Neno umelitaka kwa mkono wangu, ni hili. Usiningoje. Sitarudi.

Kaka yako